Breki Zimeshika, Mke Hayupo

Mshauri mpendwa, mimi si mtu wa kulialia kwa watu nisiowajua, lakini hili limenikaba na nyumbani hakuna wa kumwambia, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni karani wa masjala, kazi yangu kutwa ni kuweka kila faili mahali pake, na mke wangu ni fundi cherehani, na tuna gari dogo la zamani ambalo gurudumu moja la mbele lilianza kushika moto na kunuka kwa sababu kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki, ilikuwa imeganda. Kaka wa mke wangu ana gereji, akasema leteni, lakini huyu shemeji alishanitania mbele ya watu kwamba mimi hata balbu nikitaka kubadilisha lazima nijaze fomu kwanza, basi nikaapa sitakanyaga gereji yake, nikanunua kalipa mbili mpya, nikaangalia video, nikaazima jeki na spana kwa jirani, na Jumamosi asubuhi nikavua shati.

Kufungua za zamani hakukunishinda, kufunga mpya hakukunishinda, ikaja kazi ya kutoa upepo, maana hewa ikibaki kwenye maji ya breki pedali inazama tu, na hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja akanyage ndani, mwingine afungue ile nati ndogo ya kutolea upepo kule gurudumuni. Nikamwita mke wangu. Nikawa nasema kanyaga, anakanyaga, shikilia, anashikilia, nafungua, nafunga, achia, anaachia, hivyo hivyo mpaka jua likawa utosini na chupa mbili za maji ya breki zikaisha na pedali bado inazama. Nikaanza kumwambia unaachia kabla sijafunga, akasema siachii, nikasema unaachia. Akashuka, akainama pale nilipo, akasema, "Mwenzangu, hii nati mbona imeangalia chini? Si ile ya zamani ilikuwa inaangalia juu?" Nikamwambia, "Wewe kazi yako ni mguu. Rudi ndani."

Saa kumi nikachoka, nikajiambia zitakaa sawa zikitembea kidogo, nikawasha gari, likashuka kile kimteremko cha mbele ya nyumba, nikakanyaga mpaka chini, halikusimama, likaenda kuvunja ukuta wa jirani yule yule mwenye jeki. Sikuumia. Watu wakajaa, mama yangu ambaye tunaishi naye akatoka, wakauliza imekuwaje, na mimi kwa aibu, mshauri, kwa aibu tu, nikamnyooshea kidole mke wangu nikasema muulizeni huyu, kutwa nzima namwambia ashikilie pedali, yeye anaachia. Mama akasema mbele ya wote, "Huyu alitaka kukuua." Mke wangu akanitazama, akasubiri niseme kitu. Sikusema. Kesho yake akafungua kichwa cha cherehani yake, akakibeba, akaenda kwa kaka yake.

Wiki mbili baadaye nikalala tena chini ya gari, ndipo nikaona. Kalipa ya kushoto nilikuwa nimeifunga kulia na ya kulia kushoto, kwa sababu nilizitoa zote kwenye maboksi nikazilaza kwenye gunia moja bila alama, mimi, karani wa masjala, kwa hiyo nati zote mbili zilikuwa zinaangalia chini, na hewa, ambayo siku zote hukimbilia juu, ikabaki humo humo. Nikazibadilisha kimya kimya, nikamwomba mama akanyage, na baada ya nusu saa pedali ikawa ngumu. Mama akashuka garini akasema, "Umeona? Mimi nimekanyaga, zimeshika. Yule alikuwa na lake." Nimemsikia akimweleza jirani hivyo hivyo, na sasa mtaa mzima una ushahidi.

Swali langu ni hili, je, naweza kumrudisha mke wangu bila kuingiza habari ya kalipa, maana breki zimeshapona, na kufukua ya nyuma kutamuumiza mama tu na kumpa shemeji cha kunichekea maisha yangu yote?

Ni mimi, mwenye gari zima.

*

Mwenye gari zima, pole. Nakupa pole kwa sababu aibu inauma, na kwa sababu ule ukuta ungeweza kuwa mtu. Pole yangu imeishia hapo.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali mke wako alipokosea, sijapaona. Huyo ni mwanamke anayekula kwa mguu wake. Asingejua kukanyaga na kuachia kwa wakati, sindano ingekuwa imemaliza vidole vyake zamani. Katika miguu yote ya mtaa huo, ukaenda kuusingizia huo. Tena ni yeye aliyeiona nati. Wewe uliangalia video, yeye aliangalia gari. Angekuwa shemeji yako ndiye aliyesema imeangalia chini, ungenuna, lakini ungetazama.

Na usijifiche nyuma ya mama. Mama anasema uongo uliomtengenezea wewe, anausema kwa kukupenda, na kila siku unayonyamaza unamtwika dhambi isiyo yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hebu pita wewe mtaani siku moja ukiitwa muuaji.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hujala, mwite mama na jirani, simameni mbele ya ukuta huo, useme: nilifunga kalipa kinyume, mke wangu aliniambia, nikamnyamazisha. Usiseme "tulikosea". Ukuta uujenge. Kisha nenda gerejini ukaseme maneno yale yale mbele ya shemeji yako na mafundi wake, wakicheka waache wacheke, halafu umwombe aje azikague hizo breki kabla gari halijabeba mtu, maana kazi ya kujifunzia haijaribiwi kwa roho za watu.

Mke wako mwombe msamaha. Kurudi usimwombe siku hiyo, hayo ni mambo mawili. Nakwambia mapema, huenda asirudi. Alikutazama akisubiri neno moja mbele ya watu, hukumpa, na hata ulipolipata ukalificha. Sina ushauri wa kumsahaulisha mtu jambo kama hilo.

Gari liache nyumbani, nenda kwa miguu. Uliapa hutakanyaga gereji ile. Mwenzako alikukanyagia kutwa nzima. Sasa kanyaga na wewe.