Mkono Usiofika Sikioni

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako. Mguu unaendeleaje? Natumaini plasta imeshafunguliwa na hujaanza kuwapanga wauguzi mstari, maana nakujua. Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na kunisema vizuri zaidi.

Umeuliza, mwalimu mkuu wangu, habari za uandikishaji wa darasa la kwanza shuleni kwako. Kazi hiyo ulimpa bingwa wake! Mimi niliyeendesha malori nchi saba, maofisa wa mipakani wakinikaribisha chai, nishindwe na watoto? Nilizunguka na pikapu nyumba kwa nyumba. Lakini tangu kiwanda kifungwe, unajua, vijana wamehama na watoto wao. Karibu kila mlango nilifunguliwa na bibi, na wajukuu anaowalea tayari wako madarasa ya juu. Ofisi ya elimu ilitaka wapya ishirini. Nilipata tisa.

Basi nikatumia akili, nikaongeza wadogo. Vyeti vya kuzaliwa hawana, nikawapima kwa kipimo chako cha miaka yote: mkono upite juu ya kichwa uguse sikio la upande wa pili. Mikono haikufika, dada. Nikawainamisha shingo kidogo. Kidogo tu! Mjukuu wa yule bibi mshonaji nilimkunja mpaka bibi akaniuliza kama namwandikisha shule au namfungasha sandukuni. Ishirini wakatimia, nikajipongeza kwa soda.

Ofisa wa elimu akaja. Kijana mpole, hata hasira hana, na hapo ndipo aliponimaliza. Aliwapanga wale wadogo ukutani, akawaomba wasimame wima. Mikono ikaishia utosini. Mmoja akasinzia. Nilitoa mzaha wangu mzuri kuliko yote, hakucheka mtu. Nikamsihi, nikamwambia mwakani watafika. Akasema hilo analijua, ila yeye katumwa kuhesabu wa mwaka huu.

Mama alinikataza kukuandikia haya mpaka upone. Kaa chini kwanza, dada. Kwa kuwa ishirini hawakutimia, shule yako inaunganishwa na ile kubwa ng'ambo ya barabara kuu. Madawati yanahamishwa Jumamosi, na mwenye pikapu waliyemkodi ni mimi. Nilitaka kukataa. Kisha nikaona atakuja mwingine ayarushe kama kuni. Nitayapakia mwenyewe, taratibu, na kiti chako nitakileta nyumbani. Zaidi ya hapo sina ujanja, mimi na nchi zangu saba.

Mjukuu wa mshonaji hajaambiwa. Kila asubuhi ananisimamisha barabarani, anasimama wima kama askari, anapitisha mkono juu ya kichwa. Umebaki ukucha tu ufike. Nampigia honi, namwambia akaze, kisha naondoka kabla hajaniuliza shule inafunguliwa lini.

Mama anakusalimu sana na anakuombea. Mguu usiuharakishe, dada. Hakuna kengele inayokuita.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Dereva wa Kimataifa