Ngazi za Ofisini

Cairns, Jumapili

Mdogo wangu Bronwyn,

Mama anaendeleaje huko Hobart? Hapa mvua haikatiki, na mbwa uliyeniachia ametafuna kiatu changu kingine.

Sasa mumeo. Trent amenichosha! Ana miaka thelathini na tisa, klabu inamwongezea mwaka mmoja wa kucheza kikapu, yeye anataka miwili. Nikimwita ofisini ana udhuru: mara tukutane uwanjani, mara mgahawani. Mimi meneja mzima nazungushwa na shemeji yangu kama muuza bima.

Alhamisi nilimkomalia, akapanda. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

“Shemeji, magoti yangu ni ya kijana. Waulize hao watoto ninaowafunga kila wiki.”

Akaondoka, akasahau kofia. Nikatoka nayo mbio, nikamkuta anashuka ngazi kinyumenyume, ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, kama mtu anayeshuka kutoka juu ya paa. Akainua macho, akacheka.

“Nakuaga kwa heshima, shemeji. Sitaki kukupa mgongo.”

Mimi sikucheka. Bronwyn, mlipohamishia kitanda sebuleni uliniambia chumba cha juu kina joto. Joto! Ungeniambia ukweli, mimi dada yako, nisingemburuta mpaka ghorofani.

Miaka miwili simpi, hata ukinililia. Mkataba wa mwaka mmoja nimeshausaini upande wangu. Mwambie asipande tena. Nimeuacha kwa mlinzi, mlango wa chini, ausaini hapo hapo.

Dada yako, bado nimekasirika,
Coralie