Mkwe Kunisomea Maswali

Jumatano

Nyangeta mjukuu wangu, huko chuo wanakufundishaga nini, hata umtume mkwe wangu anisomee maswali ya kubakwa?

Utafiti wake ndio huo, wanawake wa Manyamanyama waliofanyiwa kwa nguvu. Mimi nasoma, polepole, lakini yeye na wenzake wakaamua wazee wote tusomewe. Akaja Marwa, mume wa binti yangu, na dodoso mkononi. Maneno yale mkwe hayatamki mbele ya mama mkwe. Nikageukia ukuta, nikajibu hapana mpaka mwisho.

Baadaye Nyangeta alinikuta nachambua dagaa, akakaa chini.

"Bibi, kweli haijawahi kukutokea?"

"Ilitokea. Kule Mugango, nikiwa msichana. Mwenye mashine ya kusaga."

"Mbona ulisema hapana?"

"Ulitaka nimwambie Marwa? Umerogwa?"

Sasa eti atawahoji wote kwa mdomo. Na hapo anakosea. Kuna mmoja, jina Nyangeta hakunitajia, alijaza karatasi peke yake akaweka ndiyo. Alipoulizwa uso kwa uso akakana, akachukua ndoo akaondoka. Watu hatufanani.

Yule wa Mugango alishakufa. Silii. Ila sitaki ripoti iandike kwamba sikuguswa, akabaki msafi kwa hapana yangu.

Kesho asubuhi Nyangeta alete dodoso langu, nilisahihishe kwa mkono wangu. Kila mwanamke aulizwe kwanza anataka karatasi au mazungumzo. Na Marwa abaki na ng'ombe zake.