Bunduki Nilizozivalisha Bulangeti

Yenga, jumapili, saa tisa ya mchana. Mvula tangu misa ya kwanza. Nguo nilizoanika siku ya ijumaa bado zinatoa maji, nyumba inanuka sabuni na moshi, na mimi sina hamu ya kuongea na mutu.

Niko na wivu. Nimeandika, basi. Wale munakuyaga hapa kwenye ukurasa wangu kutafuta mitindo ya kushona, leo mupite tu, hakuna mutindo.

Bwana yangu, Papa Neema, anachunga bunduki. Si mwanajeshi. Ni mutu wa magasini ya silaha kwenye kambi ya walinzi wa mbuga hapa Goma, chini kabisa, kando ya ziwa. Walinzi wakirudi toka porini wanamupa bunduki, anazihesabu, anazifuta, anazipanga, anafunga mulango. Adui yake ni kutu. Kule Rumangabo alikoanzia kazi, anasema magasini ilikuwa na upepo. Hapa ukuta wenyewe unatoa jasho. Ukisahau chuma siku tatu, unakikuta na rangi ya chai.

Nimekaa na huyu mutu miaka kumi na ine, kwa hiyo hata mimi ninaweza kufundisha hiyo kazi. Unanawa mikono na sabuni mbele ya kuigusa, juu jasho ya vidole inaleta kutu. Unapaka mafuta kidogo tu, yakizidi yanashika vumbi. Unaisimamisha mudomo chini, ili mafuta yaliyobaki yatoke, yasishuke kwenye mbao ya kitako. Na ndani ya kabati yao kuko ampule inayowaka usiku na mchana, joto yake ifukuze unyevu. Huku kwetu Katoyi umeme ukikatika tunakula foufou kwa mwanga wa buji. Bunduki ziko na ampule.

Nilizionea wivu bunduki. Mucheke tu. Mutu anayefuta chuma polepole vile, kama anafuta uso wa mutoto, kisha anarudi nyumbani hata haoni kama umesuka nywele, utamufanyia nini?

Kisha akafika Clarisse.

Clarisse ni wa Bukavu. Walimuleta magasini afanye na bwana yangu; hiyo kazi aliisomea. Alileta kisaa kidogo cha kupima unyevu, akakitundika ukutani, na vifuko vya punje ndogo-ndogo, kama vile vinakuwaga ndani ya kashi ya viatu vipya. Punje zikinywa maji ya hewa zinabadilika rangi, yeye anazikausha juu ya moto wa mbabula, anazirudisha ndani ya kabati. Ni murefu. Ana meno mazuri, na anayajua.

Tangu siku ile, kwenye meza yangu tukakuwa watu wane: mimi, bwana, mutoto wetu Neema, na Clarisse anasema. Clarisse anasema unyevu umepanda. Clarisse anasema mulango ufunguliwe saa sita tu, jua likiwa kali. Siku moja nilimuuliza kama Clarisse anasema pia chumvi imetosha kwenye sombe. Hakucheka. Alisema, "Mama Neema, ni kazi tu." Aka! Kazi tu. Hakuna mwanamuke katika muji huu ambaye hajasikia hiyo sentensi.

Sasa niseme kitu nilichofanya.

Sisi mama wa huku tunafunika. Televizio iko na kitambaa chake, redio yake, viti vyao, hata bidon ya maji ya kunywa nimeishonea nguo. Kitu kisichofunikwa kinaonekana kama hakina mwenyewe. Nikawaza: na mule ndani ya magasini, nani amefunika? Nikaenda sokoni Virunga, nikachagua bulangeti nzito, nikaweka flanela nyeupe kwa ndani ili chuma kilale vizuri, kamba ya kukaza kwenye mudomo, na pale chini herufi mbili, alama yangu, ile munaijua. Vifuniko makumi tatu. Nilivishona hapa kwenye atelie yangu ya Mabanga, nikiacha nguo za harusi za watu zingoje.

Haikuwa kwa ajili ya bunduki. Nilitaka kitu changu kilale mule ndani. Nilitaka yule dada akifungua kabati asubui akute mukono wangu mbele ya kukuta wa bwana yangu.

Papa Neema alifurahi. Alivibeba kwenye pikipiki, mufuko munene mbele yake, akiwa na kicheko cha mutu anayeenda ukweni. Jioni nikamuuliza Clarisse amesema nini. Akasema, "Amesema ni vizuri." Nililala vema siku ile.

Miezi miwili ikapita. Halafu wiki iliyopita akaanza kurudi kimya. Hakuna tena Clarisse anasema. Anakula nusu, anaangalia sahani. Mungesema ningefurahi, jina limekufa mezani. Kumbe kwa mwenye wivu, jina likikufa ndiyo mbaya zaidi.

Nilifungua telefone yake. Ndiyo, nilifungua, alipokuwa anaoga. Nikakuta Clarisse ameandika: "Papa Neema, mama anajua?" Na yeye amejibu: "Hapana. Asijue. Itamuumiza."

Sitaandika yote niliyosema siku ile. Majirani wanaweza kuyaandika, waliyasikia. Nilitukana hata mababu zake wa Masisi, watu wa ngombe, ambao hawakunifanyia kitu. Alisimama na taulo, maji yanashuka, akasema tu kwamba mimi sielewi. Nikasema ninaelewa vizuri kabisa. Siku mbili sikumupikia.

Jana, posho, ndiyo jumamosi, Clarisse mwenyewe akaingia katika atelie yangu.

Nilikuwa na makasi mukononi, na ninakiri niliyashika kwa nguvu kidogo. Hakukaa. Alisema, "Shikamoo, Mama Neema. Muzee Papa Neema alinikataza kukuya." Akatoa ndani ya mufuko kifuniko changu kimoja, akakipindua, flanela kwa nje.

Mule ndani kulikuwa bunduki. Namaanisha alama yake: bomba refu, kishikio, yote imechorwa juu ya flanela yangu nyeupe, kwa rangi ya kutu.

Akanieleza pole pole, bila kiburi, na hiyo ndiyo iliniuma. Bulangeti inakunywa unyevu wa hewa, kisha inaukumbatisha kwenye chuma usiku na mchana. Joto ya ampule haipiti. Vifuko vya punje havisaidii kitu. Bunduki kumi na moja zilishika kutu. Hawakujua mpaka moja ikakwama mukononi mwa mulinzi, kwenye mazoezi ya kulenga. Shefu wa kambi akaja kukagua, akakuta zingine. Akauliza kosa ni la nani. Papa Neema akasema, "Ni langu. Niliacha kupaka mafuta." Mbele ya shefu kufika alikuwa amekwisha vuta vifuniko vyote na kuvificha.

Kazi ya kwanza, ndiyo jumatatu ya kesho, shefu anaweka sinyatire kwenye barua. Bwana yangu anatolewa magasini, anaenda kufungua kizuizi kwenye mulango wa kambi. Clarisse anachukua funguo. "Mimi sitaki kuzichukua kwa uongo," alisema. "Muzee hajawahi kuacha bunduki hata moja bila mafuta. Lakini mimi nikisema, shefu atafikiri tumepatana. Wewe ndiye ulishona." Akaacha kifuniko juu ya mashini yangu, akaenda.

Itamuumiza. Ndiyo hicho alichoandika. Itamuumiza, juu ya bulangeti zangu.

Leo tulipotoka misa, nikatandaza kile kifuniko juu ya meza. Papa Neema akakiangalia, akavua kofia yake iliyolowa, akakaa. Nikamuuliza, Clarisse alikuambia uvitoe?

"Mara tatu."

"Na juu ya nini hukuvitoa?"

"Ni wewe ulishona."

Nilimuambia yeye ni mupumbavu. Kisha nikaingia jikoni nikalia mpaka maharagi yakaungua. Na niandike ukweli wote, kwa kuwa nimekwisha anza: katikati ya kile kilio nilikuwa na furaha. Mara tatu yule mwanamuke amesema, mara tatu bwana yangu amekataa, kwa ajili yangu. Bunduki kumi na moja zinakula kutu, na mimi nahesabu kama ni mabao. Mungu anisamehe, nilijisikia nimeshinda.

Alinifuata mpaka kwenye mulango wa jikoni. "Fua ile kitu, Mama Neema. Yameisha. Hata kwenye kizuizi watu wanafanya kazi." Akaenda kulala na viatu vyake, yeye ambaye hajawahi kukanyaga hata muswala wa mulangoni na viatu vichafu.

Kila mushonaji anajua dawa ya kutu kwenye kitambaa cheupe: ndimu na chumvi. Nilikata ndimu ine. Nikaleta beseni. Nikakaa kwenye kibaraza, kifuniko juu ya magoti, mvula inapiga mabati, na nikawaza maneno ambayo sikutaka kuyawaza.

Akienda kwenye kizuizi, hatakuwa tena na Clarisse ndani ya chumba kimoja. Ndiyo hivyo. Atakuwa inje, pale watu wote wanapita, na mimi nikitaka nitapita pia. Clarisse atabaki na kisaa chake na punje zake. Na hakuna mutu wa Mabanga atakayejua kwamba Mama Neema, yule anayejisifu kuwa mishono yake haiachii, ameharibu silaha za walinzi. Ilitosha kufua tu. Bwana mwenyewe ameniambia nifue.

Nilipenda. Niseme tu, nilipenda sana. Hata ndimu ya kwanza niliikamulia ndani ya beseni.

Kilichonizuia si utakatifu. Nilianza kumuona pale kwenye kizuizi. Siyo wakati wa jua: wakati wa mvula kama hii, na koti ya nailoni, anainua ile mbao gari lipite, anaishusha. Na asubui walinzi wanapita mbele yake na bunduki zao mabegani, na yeye anajua kila moja kwa mikwaruzo yake, na hawezi kunyoosha mukono aone kama imefutwa. Huyu mutu ambaye siku ile alisimama na taulo kiunoni wakati mimi ninamutukana.

Halafu nikamukumbuka yule mulinzi ambaye bunduki ilimukwama. Ninamujua. Muke wake nilimushonea nguo ya ubatizo wa mutoto wao, mwezi wa nane. Ingekwama porini ingekuwa je? Na kuko magasini nyingine iliyosikia juu ya vifuniko vyangu ikaniomba kumi na mbili. Nimekwisha vikata. Viko pale chini ya meza, vinangoja uzi. Nikifua hii alama leo, kesho nitavishona, juu nikikataa nitasema nini?

Nimeinuka nikamwaga maji ya beseni. Ndimu tatu zilizobaki nimezikamulia kwenye sambaza, samaki ndogo za ziwa, tutakula jioni.

Nimemuandikia Clarisse. Ujumbe mufupi: kesho saa mbili niko pale kambini na kifuniko, na wewe uwe pale useme uliyoniambia. Kumuandikia "tafadhali" kulinichukua muda murefu kuliko kushona suruali. Amejibu palepale: "Aksanti sana mama." Mama! Tunazidiana miaka sita tu, nimehesabu.

Papa Neema bado hajui. Akijua atanificha kifuniko, kwa hiyo nimekikunja, alama kwa ndani isiguse maji, nimekiweka chini ya godoro la Neema. Nitasimama mbele ya shefu, nitakifungua, nitasema ni mimi nilishona, ni mimi nilimupa, yeye alikataa kuvitoa kwa heshima yangu tu. Shefu akicheka, acheke. Akisema hapana, basi nitakuwa nimesema. Akisema ndiyo, bwana yangu anarudi ndani, anafunga ule mulango, na yule dada yuko upande wa pili wa meza na meno yake, kila siku, mpaka pensheni.

Nimetoa kikwembe changu cha Noeli, kile kitenge cha kijani, bado hakijafuliwa hata mara moja. Nimepiga pasi ya makaa, mikono ya blauzi iko imara. Kesho nitasuka asubui kabisa, kwa Mama Josué. Ninaenda kukubali kosa langu, ndiyo. Lakini Clarisse atakuwa mule ndani.