Tovuti Isiyo na Jina Langu

Stockholm, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Habari za Nakuru? Goti linakuacha ulale? Mimi na mjukuu wako Nicole hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Biashara ya mandazi imeanza kushika, na Dative, yule rafiki yangu Mrundi wa kanisani, ananihimiza nifungue tovuti. Shida ni jina. Nililolitaka limeshachukuliwa. Tukajaribu mengine, Dative akayasoma kwa ulimi wa Kiswidi tukacheka hadi machozi. Wewe ungeiitaje?

Mwanao,
Beverly

Nakuru, 10 Machi

Beverly mwanangu,

Nimefurahi kusikia mko salama. Goti ni lile lile.

Mbona unahangaika? Iite Jiko la Beverly. Mtu akifanya kazi nzuri ajulikane. Marehemu baba yako aliandika jina lake mlangoni pa duka na watu wakamheshimu. Wewe unaona aibu gani?

Mama yako

Stockholm, 19 Machi

Mama,

Natumaini umeamka vyema. Nicole anakusalimu.

Si aibu. Tangu nimtoroke Kuria, serikali imeficha anwani yangu. Hata mlangoni kwangu hakuna jina. Akitafuta Beverly mtandaoni, asinipate. Ndiyo maana nimechagua ilikinyumbani.se. Waswidi wanaipenda iliki kwenye mikate yao kama sisi. Wateja wanaagiza pale, halafu Jumamosi wanakuja kuchukua kanisani kwetu Hagsätra. Nilipomaliza kulilipia nilikaa nikaliangalia tu. Ni kitu changu cha kwanza hapa ambacho hajakigusa.

Tafadhali, Mama, jina hili lisitoke mdomoni mwako.

Mwanao,
Beverly

Nakuru, 2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Na mjukuu wangu je?

Kuria alinipigia Jumapili. Alilia, Beverly, mwanamume mzima. Aliniita Mama kama zamani, akauliza tu kama mnakula. Nikamwambia asihofu, biashara inaenda vizuri, nikamtajia tovuti ajionee mwenyewe. Unapoishi sikumwambia. Anasema ameokoka. Na mtoto anahitaji baba. Usinikasirikie.

Mama yako

Nakuru, 20 Mei

Beverly,

Mbona kimya? Nimefungua ile tovuti kwa simu ya jirani, hakuna kitu. Kuria naye hashiki simu. Niambie tu kama mko wazima.

Mama

Stockholm, 14 Juni

Mama,

Mungu akutunze. Dative ndiye anayeniandikia, kwa sababu mkono wangu wa kulia una plasta.

Kuria aliagiza mandazi mia kwa jina la Solomon. Aliandika kwamba ni ya ubatizo wa mwanawe, nami nikayapamba kwa utepe. Jumamosi Nicole ndiye aliyemwona kwanza akiingia. "Pappa är här," akasema, baba yuko hapa, kisha akajificha chini ya meza. Dative na mzee wa kanisa walimkamata, lakini tayari alikuwa amenivunja mkono na mbavu. Polisi walimchukua. Siku moja atatoka.

Kesho tunahamishiwa mji mwingine. Hata Dative hajui ni upi. Tovuti nimeifunga, na tutapewa majina mapya.

Najua hukunitakia mabaya. Lakini Kuria akikupigia tena akilia, utamjibu. Nakujua, Mama. Kwa hiyo sitakuandikia tena, na majina hayo hutayajua.

Nicole ameniuliza, nyanya akituombea atatuita nani.

Mwanao