Aliyekesha Anakula Kwanza

Mama,

Mbwa wako, Watasema, yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza habari zake kabla ya zangu. Meno yamebaki machache na sikio moja halisikii, ila nguruwe pori hawajui hayo, na sisi hatuwaambii. Mahindi yamekubali. Mama Safari bado anapitisha ng'ombe wake shambani kwetu, anadhani ulikufa pamoja na mpaka.

Siku tuliyokuzika, Kaka Pauli alitoa neno la shukrani. Alishukuru kwaya, akashukuru mwenye pikapu, akashukuru wenzake wa kampuni ya utalii waliokuja na shada la plastiki, hata mpiga picha hakumwacha. "Na kama yupo tuliyemsahau, atusamehe." Hapo hapo Watasema akabweka kutoka banda la ng'ombe, alikofungwa asichafue wageni. Watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Ulipokuwa unaugua, nani alilala mlangoni kwako? Ukikohoa tu, anainuka, anakuja kukwaruza mlango wangu, ndipo najua unataka maji. Kaka alikuwa Arusha. Arusha ni mbali sana, Mama. Lami yote ile.

Sitakudanganya kwamba mbwa alilia. Alipofunguliwa alijitafutia mfupa wa ng'ombe wa msiba wako, akajilaza nao nyuma ya choo. Wajomba nao walifanya hivyo hivyo, ila wao walipewa viti.

Kisha ikaja misa ya shukrani. Kaka alifika jana yake, akasema mbwa aondoke, Shangazi Agata anamwogopa. Misa ikiisha, bodaboda itampeleka Mbulumbulu. Nikauliza, kwa nani? "Kwa yeyote. Mbwa mzee huyo, Teresia, abaki afanye kazi gani?" Swali hilo alishakuuliza na wewe, kwa kutokuja.

Unakumbuka makande yetu ya jioni? Upawa wa kwanza ulikuwa wa Watasema, kwenye lile bakuli la bati. Krismasi moja Kaka akanuna: "Mama, mbwa kabla yangu?" Na wewe, hata macho hukuinua: "Aliyekesha anakula kwanza. Wewe si ulilala vizuri?"

Basi padri akabariki chakula pale uani, Kaka akaniambia mimi kitindamimba niwakaribishe wageni. Nikachukua sahani ya kwanza. Nikapakua pilau, nikaweka nyama. Sio mifupa, Mama, nyama. Nikapita mbele ya meza kuu. Shangazi alishanyoosha mikono kupokea, nikampita. Nikaenda hadi bandani, nikaiweka chini.

"Weee! Huyu mtoto ana akili kweli?" Shangazi huyo.

Nikageuka. "Aliyekesha anakula kwanza. Wengine mlishashukuriwa siku ya msiba. Karibuni."

Mzee wa kigango akakohoa kwenye leso, nadhani alikuwa anacheka. Kaka aliondoka kabla ya chai, na hadi leo simu zangu hapokei. Bodaboda haikuja.

Sijuti, ila usidhani nina amani. Nikipalilia nina hasira, nikisali nina hasira. Hata wewe nilikukasirikia. Nilijiambia, huyu mama alijua kumshukuru mbwa kila jioni, mimi niliyemwosha na kumgeuza kitandani sikusikia asante hata siku moja. Nilitembea na neno hilo kama kokoto kwenye kiatu. Kisha juzi nikawa napakua makande, mkono ukaenda wenyewe kwenye bakuli la bati, halafu kwenye sahani yangu. Nikasimama pale na upawa. Upawa wa pili siku zote ulikuwa wangu, Mama. Mimi nilidhani ni kwa sababu nilikaa karibu na sufuria.

Ungesema tu. Lakini nimesikia.

Lala sasa. Siku za Watasema zikiisha sitamtupa korongoni kama watu wanavyotupa mbwa wao. Nitamchimbia pembeni mwa shamba, upande wa Mama Safari, ili mpaka uwe na mwenyewe. Hadi hapo, upawa wa kwanza ni wake.

Wa pili nakula mimi.

Mwanao,
Teresia