Anayekaa Kushoto

Kanchipuram, 4 Agosti

Wifi yangu Thilagam,

Salamu nyingi, na nyingine juu yake, na za kuongezea. Sisi huku wazima. Kaka'ko Ekambaram goti linamuuma mvua ikinukia tu, lakini mdomo mzima. Wewe hujambo? Kifua hakibani tena asubuhi? Mwanao Senthil hajambo, na mkewe Sumathi?

Simu yangu umeifungia, najua. Nimepiga mpaka yule mwanamke wa kusema namba haipatikani tumekuwa mashoga. Sasa barua utaifungiaje? Hii itapenya chini ya mlango kama mende. Na herufi zangu usizicheke, mimi darasa la nne nililiacha katikati, wewe la tatu, tusichekane.

Sikia jambo. Jumanne nimekaa mlangoni napepeta dengu, gari jeupe likasimama. Akashuka mama mmoja wa Chennai, Maithili jina lake, nywele fupi kama askari, kavaa sari na raba! Anashonea matajiri. Anatafuta sari za pindo la kuungwa, lile letu la zamani: mwili mwekundu, pindo la kijani, nyuzi za rangi mbili zishikane mkono kwa mkono, moja isivuke kwa mwenzie hata chembe. Mashine haiwezi hiyo, inadanganya tu, ukigeuza nyuma unaijua. Nikafungua sanduku nikamwonyesha ile ya mwisho tuliyofuma mimi na wewe. Mwenzangu, alikaa chini sakafuni! Anataka tano, kabla ya sikukuu ya Pongal, katikati ya Januari.

Nikamwambia, "Utazipata." Nilishasema kabla akili haijafika, si unanijua. Sasa pindo la kuungwa linataka watu wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, na kushoto pale miaka ishirini na sita umekaa wewe, kabla hujahamia huko kwa mwanao. Kaka'ko keshaleta mchanga nyumbani, anataka kufukia lile shimo la mtambo wa kufumia tunapotia miguu, aweke friji auze soda. Ukija, mchanga unarudi ulikotoka. Yale ya harusini kwa Senthil mwaka jana tuyaache, yameshapita.

Wifi yako,
Amsaveni


Kanchipuram, 21 Agosti

Wifi,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila kaka'ko ana bonge la nundu na kosa ni langu.

Siku kumi na saba sijaona jibu. Huko Tiruppur mnakofuma fulana usiku na mchana, kalamu hakuna? Nimeona nisikungoje, nikamkalisha Ekambaram kushoto. Kazaliwa nyumba ya mtambo, nikasema damu itamkumbusha. Damu haikumkumbusha kitu! Kile kimtumbwi cha uzi nakirusha mimi, yeye yuko anapiga miayo, kikamgonga hapa kwenye paji la uso. Nikamwambia, "Dada'ko angekidaka amefumba macho." Akasema, "Basi kaolewe na dada yangu."

Nikamwita Mangalam wa nyumba ya pili. Huyo mikono anayo, lakini anahesabu nyuzi kwa sauti, na mimi nikifuma nataka kuongea. Nikiongea anapotea, akipotea ananikaripia. Wewe ulikuwa unanisikiliza na kuhesabu kwa pamoja, sijui kichwa chako Mungu alikigawa vipi.

Mama wa raba anarudi mwisho wa Septemba. Asipokuta hata shubiri moja mtamboni, kazi anaipeleka mji mwingine. Kasema kwa upole, lakini kasema. Na kaka'ko kila asubuhi anaupima ule mchanga kwa macho.

Wifi yako,
Amsaveni


Tiruppur, 2 Septemba

Wifi Amsaveni,

Sijambo. Kifua kimepungua. Senthil na mkewe wazima.

Unasema yameshapita. Kwako. Siku ya harusi ya mwanangu ulishika pindo la sari ya bi harusi, ukaligeuza nyuma, ukapiga kelele mbele ya ukumbi mzima: "Jamani, ya mashine! Nyumba ya wafumaji, mkwe kavishwa ya mashine!" Kesho yake ukaenda kuumalizia umbea bombani. Sumathi kwao si wafumaji, hakujua hata kosa lake nini. Alilia. Sari hiyo haijatoka kabatini mpaka leo.

Hukuuliza kwa nini ilikuwa ya mashine. Kabla ya harusi ulilala na homa ya matumbo miezi mitatu. Uzi wa sari ya Sumathi ulikuwa tayari umetandwa mtamboni. Watu wakaniambia nimkalishe Mangalam mahali pako. Nikakataa. Nikasema wifi yangu atapona, sari itangoja. Ulipona. Siku zikawa zimekwisha, nikaenda dukani.

Ndiyo hivyo.

Thilagam


Kanchipuram, 8 Septemba

Wifi yangu, wifi yangu, wifi yangu,

Leo sikuulizi hali, maana hali yako nimeiharibu mimi. Barua nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza dengu ziliungua. Mara ya nne kaka'ko akaninyang'anya, akasoma, akatoka nje, akarudi na macho mekundu, eti vumbi.

Nililala kitandani pale nikidhani mtambo umeufunga kwa sababu umechoka. Kumbe unaningoja! Na mimi nimepona tu, kitu cha kwanza kulitumia lile domo lililopona ni kukusema wewe.

Asubuhi nimechukua ndoo nikaenda bombani, saa ile ile wanayojaa. Nikasema, "Jamani, nina umbea." Ndoo zote zikatulia.

"Wa nani?" Mangalam huyo.

"Wangu mimi."

"Wako? Basi mkubwa, wekeni ndoo chini."

Nikauleta wote, sikuruka hata neno. Nilipofika kwenye homa ya matumbo nikajifuta macho kwa sari, wakadhani natania. Nikamaliza. Mangalam akauliza, "Yaani mimi nilikataliwa kazi kwa ajili yako, na wewe ukaenda kumwaibisha mkwe wake?"

"Ndiyo."

Akanimwagia ndoo nzima kichwani. Kisha akanisaidia kukamua sari. Mama Kamakshi wa hekaluni shahidi yangu, nilistahili, ila nusu ndoo ingetosha.

Sikuiti tena uje kwa ajili ya mama wa raba. Mchanga umwagwe tu ikibidi. Nisamehe. Na Sumathi mwambie, ile sauti ya harusini ni ya mwanamke mjinga anayekaa Kanchipuram.

Wifi yako mjinga,
Amsaveni


Tiruppur, 17 Septemba

Wifi,

Sijambo. Natumaini nguo zimekauka.

Mangalam kanipigia simu, kanieleza kila kitu, hata ndoo ilikuwa ya rangi gani. Nilicheka mpaka kifua kikabana, Sumathi akaniletea maji ya moto. Nikamwambia ninachokicheka. Akauliza, "Mama, hilo pindo la kuungwa likoje?"

Nitakuja kwa sharti moja. Ya kwanza kutoka mtamboni ni ya Sumathi. Nyekundu na kijani, kama ile iliyotandwa. Za mama wa Chennai zifuate. Na utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo huo huo. Akikataa, kazi imekufa, na mimi siji.

Thilagam


Kanchipuram, 28 Septemba

Wifi yangu,

Hujambo wewe? Mimi moyo ulikuwa kooni siku kumi na moja, leo ndiyo umeshuka.

Amekuja. Nilimpa kahawa, nikampa idli, nikampa idli tena, kaka'ko akaninong'oneza, "Sema, mwanamke, utamlisha mpaka apasuke." Nikasema. Nikasema kuna sari moja lazima itangulie yako, na itakula wiki mbili katika muda wako, na ukikataa hakuna tano, hakuna hata moja. Akauliza kwa nini. Basi nikamhadithia harusi, homa, bomba, ndoo.

Unajua alisema nini? "Mama Amsaveni, vitambaa vizuri viko kila mahali. Mimi nilikuwa natafuta watu wanaoweza kununiana mwaka mzima kwa ajili ya pindo. Ifumeni hiyo kwanza."

Thilagam, mchanga umeondoka! Kaka'ko kaubeba mwenyewe kwa goti lake bovu, na katia mto mpya upande wa kushoto. Eti wangu wa kulia bado unafaa, nivumilie.

Panda basi. Barua usiijibu, njoo.

Wifi yako,
Amsaveni


Kanchipuram, 27 Januari

Wifi yangu,

Hujambo? Wali wa Pongal huko ulichemka vizuri? Wetu ulifurika hadi nje ya chungu, tukapiga kelele tukajua mwaka huu ni wetu. Ila nyumba imepoa. Miezi mitatu na nusu nimeongea mpaka nikachoka, mimi! Sasa umempelekea Sumathi sari yake, naongea na mto.

Maithili kaleta picha kwenye simu. Kaa chini kwanza. Zile tano kazikata! Kwa mkasi! Kashona makoti marefu. Nilipiga yowe, Ekambaram akadhani nyoka. Halafu nikatazama vizuri. Wifi, kayageuza. Upande wa nyuma ndio kauweka nje, pale nyuzi zinaposhikana, ili watu waione kazi yetu. Mabibi wa Mumbai wanatembea na nyuma ya pindo letu mabegani kama vito. Bei sikutajii kwa barua, utaanguka. Na anataka kumi nyingine.

Mangalam anaomba tumfundishe bintiye kukaa kushoto. Nimesema atangoja, mwenye upande huo yuko safarini.

Sumathi kasemaje? Usinifiche hata kikohozi.

Wifi yako,
Amsaveni


Tiruppur, 2 Februari

Wifi,

Mzima. Kifua safi.

Sumathi aliipokea kwa mikono miwili. Nilidhani ataijaribu begani, kama watu. Hakuitazama hata mbele. Alishika pindo, akaligeuza nyuma, akapitisha kidole kwenye maungio mwanzo mpaka mwisho, pole pole, kama nimemzaa mimi. Kisha akapiga kelele hadi jirani akatoka: "Jamani, ya mkono!"

Anataka kuja na mimi kuona mtambo. Tunapanda basi la Alhamisi. Tengeneza mto wa tatu.

Wifi yako,
Thilagam